Muuza siri za farasi: namna ya kumpima kabla hujamtumia hela

Farasi wanaobetiwa Arusha hawakimbii Arusha. Wengi ni wa kwenye skrini za vibanda vya kubeti, kuanzia Ngarenaro mpaka Kwa Mrombo, yaani picha za kompyuta. Wachache ni farasi wa kweli wa Uingereza au Afrika Kusini, wanaofikiwa kwa simu kupitia kampuni zinazoweka mbio hizo, au wa Ngong, Nairobi, ambako mbio hufanyika zaidi Jumapili. Mkazi wa hapa ni mmoja tu, naye ni muuza utabiri. Yuko kwenye kundi la WhatsApp, yuko kwenye chaneli ya Telegram, au amekaa kiti cha nyuma kibandani na kalamu sikioni.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye ameshaamua kubeti, ana miaka 18 na kuendelea kama sheria inavyotaka, na sasa kuna mtu anamwambia, "Nipe 30,000 kwa wiki, nikupe farasi wa uhakika." Kama ubeti au usibeti, hilo ni lako na nyumba yako. Hapa tunashughulika na ile 30,000.

Anza na farasi mwenyewe: ni wa kweli au wa kompyuta?

Swali hili linamaliza nusu ya kazi. Farasi wa kompyuta hana mkufunzi, haumwi mguu, wala mvua haimsumbui. Mshindi huamuliwa na programu ya namba za kubahatisha, kisha skrini inachora mbio zinazolingana na jibu hilo. Odds zake, yaani namba ambayo dau lako huzidishwa nayo ukishinda, zina maana moja tu: farasi wa odds ndogo atatoka mshindi mara nyingi zaidi kuliko wa odds kubwa, na kampuni imeshakata sehemu yake ndani ya odds hizo. Hakuna siri ya ziada ambayo binadamu anaweza kuipata kwa kukaa na kutazama. Kwa hiyo anayeuza utabiri wa farasi wa kompyuta, mbwa wa kompyuta au "kindege" (ule mchezo wa ndege inayopaa kwenye skrini) hahitaji kupimwa. Funga mazungumzo. Na akikutumia programu ya kusakinisha "inayosoma mfumo", usiiguse. Programu isiyotoka kwenye duka rasmi la simu inaweza kuomba ruhusa ya kusoma SMS zako, na SMS ndiko hela zako zinakopitia.

Mtazame anavyofanya kazi kibandani, maana mbinu yake ndogo ndiyo mama wa mbinu kubwa zote. Mbio zina farasi 6. Anaanza na kijana wa mlangoni: "Chalii, namba 4 hajatoka mbio kumi na tano, sasa hivi anatoka." Anasogea kwa mzee wa meza ya pili, anamnong'oneza namba 2. Kwa dereva wa bodaboda aliyeacha kofia ya chuma mezani anataja namba 6. Akishazunguka kwa watu sita, kila farasi ana mtu wake. Mbio zinaisha, mmoja ameshinda, na huyo mmoja anatoa elfu moja "ya soda" kwa moyo mweupe kabisa. Watano waliobaki wamechana karatasi zao na wanaona aibu kusema. Dakika chache baadaye mbio nyingine zinaanza, naye anazunguka upya. Hajaweka hata shilingi kumi yake.

Hiyo hoja ya "hajatoka mbio kumi na tano" isikupite hivi hivi. Programu haikumbuki mbio zilizopita. Farasi mwenye nafasi moja kati ya sita anabaki na nafasi moja kati ya sita hata akikosa mara mia.

Mchezo wenyewe ni wa zamani kuliko simu. Kwenye viwanja vya Uingereza, kabla na baada ya Vita vya Pili vya Dunia, aliyejulikana kuliko wote alikuwa Ras Prince Monolulu, mzaliwa wa kisiwa cha St Croix, jina lake halisi Peter McKay, aliyejiita mwana wa mfalme kutoka Abisinia na kuvaa kilemba cha manyoya ya mbuni. Aliuza utabiri ndani ya bahasha zilizofungwa, akipiga kelele kwamba ana farasi. Alipata jina kwa Spion Kop, farasi aliyeshinda Derby ya Epsom mwaka 1920 kwa odds kubwa, na jina hilo likamlisha hadi alipofariki mwaka 1965. Bahasha iliyofungwa ina faida moja ambayo watu huisahau: mnunuzi wa kwanza hawezi kujua mnunuzi wa pili ameandikiwa farasi gani. Leo bahasha hiyo inaitwa ujumbe wa faragha.

Bahasha ya WhatsApp inavyogawanywa

Muuzaji akikuambia "save namba yangu kwanza ndipo nikutumie ya bure", ujue kuna sababu ya kiufundi. Orodha ya matangazo ya WhatsApp, ile inayotuma ujumbe mmoja kwa watu wengi huku kila mmoja akiona kama katumiwa peke yake, inawafikia tu walioihifadhi namba ya mtumaji. Orodha moja inabeba watu mpaka 256. Akiwa na orodha mbili tayari ana watu 512.

Sasa hesabu. Mbio za kwanza zina farasi 8. Anawagawa watu 512 katika makundi 8 ya watu 64, kila kundi farasi wake. Kundi moja linashinda. Wale 64 anawatumia mbio za pili, watu 8 kwa kila farasi. Wanaobaki 8 anawapa mbio za tatu, kila mtu farasi tofauti. Mtu mmoja, mmoja tu, ameona siku tatu mfululizo, bure, farasi watatu washindi. Huyo ukimwambia ni utapeli atagombana na wewe. Atatuma 150,000 kesho asubuhi na ataongeza "Mungu akubariki".

Derren Brown, mwanamazingaombwe wa Uingereza, aliuonyesha mchezo huu kwenye televisheni ya Uingereza mwaka 2008: mbio 5 za farasi 6, watu 7,776 mwanzoni, mama mmoja aliyeshinda mbio zote mwishoni. Zidisha sita tano, 6 × 6 × 6 × 6 × 6, unapata 7,776 hiyo hiyo.

Muuzaji wa kawaida wala hahangaiki na farasi 8. Anachukua kitu chenye majibu mawili, mfano magoli zaidi ya 2.5 au pungufu, akianza na watu 160: wanabaki 80, 40, 20, 10. Watu 10 wameona manne kwa manne. Wakilipa 20,000 kila mmoja ni 200,000 kwa kazi ya siku nne.

Namna ya kumnasa ni rahisi na haigharimu. Tafuta watu wawili au watatu mnaoaminiana, msioonekana kuwa pamoja, kila mmoja aombe ya bure kwa namba yake na kwa siku tofauti. Mkishaingia wote, jioni linganisheni. Ukikuta ninyi watatu mmepewa farasi watatu katika mbio zile zile, kazi imeisha. Mkipewa farasi mmoja, bado hajafaulu. Amevuka tu kizingiti cha kwanza.

Saa: mtego ambao wengi hawauoni

Mbio za Uingereza hutangazwa kwa saa za London. Arusha iko mbele kwa saa 3 wakati wa baridi yao, na kwa saa 2 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mbio zilizoandikwa 2:30 mchana za Julai zinakimbia hapa saa 10:30 jioni. Za Desemba zinakimbia saa 11:30 jioni. Muuzaji mjanja anatuma "siri" ya mbio za 2:30 ikiwa hapa ni saa 10:40 mwezi Julai. Mbio zimeshaisha. Wewe unasoma "2:30", unafungua kampuni, hukuti mbio hizo, unadhani mtandao unasumbua. Baada ya robo saa analeta matokeo: ushindi! Unajilaumu kuwa ulichelewa, na hapo ndipo anapokuambia wa VIP, yaani wanaolipa, hutumiwa mapema.

Basi kanuni ya kwanza ya kumbukumbu zako: ujumbe uliofika chini ya dakika 10 kabla ya mbio, au baada ya kuanza, hauhesabiwi kama ushindi. Ukiwa wa kushindwa, hesabu.

Maswali ya kumuuliza anayesema anajua farasi wa kweli

Mtu anayefuatilia mbio za kweli anazungumza kama fundi. Muulize hali ya ardhi leo: ni kavu na ngumu, ya wastani, laini, au tope? Farasi wengine huhitaji tope, wengine hufa nalo, na utabiri uliotolewa asubuhi kabla ya mvua unaweza kuwa takataka mchana. Muulize umbali wa mbio. Hupimwa kwa furlong, kila moja karibu mita 201, nane kwa maili. Muulize farasi amebebeshwa uzito gani ukilinganisha na mara ya mwisho. Muulize atatoa odds gani za chini kabisa ambazo chini yake hashauri kubeti. Hili la mwisho ndilo linalowaumbua. Mtabiri wa kweli anasema "kuanzia 5.00, chini ya hapo acha". Tapeli anasema "weka tu, hata nyumba weka".

Unaweza pia kumpa mstari wa rekodi, mathalani 30P2F1, na kumwomba ausome. Unasomwa kutoka kushoto, la zamani kwanza: alikuwa wa tatu, kisha 0 maana yake nafasi ya kumi au nyuma zaidi, P alisimamishwa njiani na mpandaji wake, akaja wa pili, F alianguka, mara ya mwisho akashinda. Asiyejua herufi P haijui kazi anayokuuzia.

Akiuza mbio zinazobetiwa kwa mfuko wa pamoja, ambapo madau yote hukusanywa na washindi kugawana baada ya makato, muulize ile "odds 6.00" ameitoa wapi. Kwenye mfuko wa pamoja malipo kamili hayajulikani mpaka mauzo yafungwe.

Daftari la siku 60

Usilipe bado. Fuata utabiri wake wa bure, au wa chaneli ya wazi, kwa daftari na bila hela. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha. Chora safu hizi: tarehe, saa ujumbe ulipofika, saa ya mbio kwa saa za hapa, uwanja na jina la farasi, odds alizozitaja, odds ulizozikuta wewe dakika 5 baada ya ujumbe, matokeo, faida au hasara kwa dau la 1.

Safu mbili za odds ndizo roho ya daftari. Chukua utabiri 10 ambao yeye kaandika 6.00 na wewe ukakuta 4.50, kwa sababu watu wote wa kundi lake wamekimbilia farasi mmoja au kwa sababu 6.00 ilikuwa ya jana usiku. Wawili wameshinda, wanane wamepoteza. Kwake: ushindi wa 5 mara mbili ni 10, toa 8, faida 2. Kwako: 3.5 mara mbili ni 7, toa 8, hasara 1. Farasi ni wale wale. Yeye hajadanganya matokeo hata moja, na wewe umeliwa.

Jihadhari na neno "tumeshinda" kwenye dau la pande mbili, yaani nusu kwa ushindi na nusu kwa nafasi. Kwenye mbio za kawaida za Uingereza zenye farasi 8 au zaidi hulipwa nafasi tatu kwa sehemu moja ya tano ya odds. Farasi 5 hadi 7, nafasi mbili kwa robo. Wakiwa 4 au pungufu hakuna nafasi, ni ushindi tu. Sasa farasi wa odds 5.00, umeweka 1,000 ushindi na 1,000 nafasi, katoka wa tatu kati ya tisa. Upande wa ushindi umekufa. Upande wa nafasi: faida ya 4 gawa kwa 5 ni 0.8, unarudishiwa 1,800. Ulitoa 2,000. Muuzaji ataweka alama ya tiki ya kijani. Wewe daftarini andika hasara ya 200.

Farasi akitolewa kwenye mbio baada ya wewe kubeti, kampuni za Uingereza hukata ushindi wako kulingana na odds za huyo aliyetolewa, na makato yanaweza kufika senti 90 kwa kila pauni ya ushindi. Andika ulicholipwa kweli, si kilichoonyeshwa awali.

Siku 60, kwa mtu anayetoa utabiri mmoja hadi mbili kwa siku, zitakupa karibu 100. Je, 100 zinatosha? Kumfukuza, ndiyo, kumwamini, hapana. Kwa odds za 3.00 mtu anayebahatisha tu anaweza kujikuta na faida au hasara ya dau 14 hivi baada ya mia, kwa bahati peke yake. Akifika 500 bahati hiyo inapungua hadi karibu asilimia 6 ya madau. Kwa hiyo "mwezi uliopita tulipata asilimia 12" ni sentensi isiyobeba kitu.

Asilimia zake zisikulevye

"Nashinda asilimia 80" haina maana mpaka ujue odds. Asilimia 80 kwa odds 1.20 inakurudishia 96 kwa kila 100. Ni hasara. Gawa 1 kwa odds upate kiwango cha kutopoteza: 1.50 inahitaji ushindi wa asilimia 66.7, 2.00 inahitaji 50, 3.00 inahitaji 33.3, 5.00 inahitaji 20.

Mikeka mirefu, yaani mechi nyingi zilizounganishwa kwenye dau moja ambazo lazima zote zitiki, ndiyo inayouzwa kwa wingi, kwa sababu picha ya mkeka uliotiki wa odds 14 inavutia kuliko daftari. Mechi 10 za 1.30 zinazidishwa kufika 13.79. Kama kila moja ina nafasi ya asilimia 75, yote kumi kutiki ni asilimia 5.6. Ukiweka 1,000 mara nyingi, wastani unaorudi ni 776. Ndiyo maana mkeka unachanika kwa mechi moja, kila wiki, na kila wiki unaona ulikuwa karibu.

Unaweza kupima ulaji wa kampuni pia. Chukua odds za farasi wote wa mbio moja, gawa 100 kwa kila odds, jumlisha. Mbio za farasi 6 zenye 2.50, 4.00, 5.00, 8.00, 10.00 na 15.00 zinatoa 40 + 25 + 20 + 12.5 + 10 + 6.7, jumla 114.2. Kilichozidi 100 ni cha mwenye duka. Mtabiri wako lazima kwanza aliruke hilo gogo ndipo aanze kukutafutia faida. Na baada ya hapo kuna kodi ya ushindi inayokatwa kabla hujalipwa.

Ada: hesabu inayomaliza mjadala

Hapa ndipo hata muuzaji mwaminifu anapoanguka, na ni ajabu watu wachache huifanya.

Ada ni 30,000 kwa wiki. Wewe unaweka 2,000 kwa farasi, farasi 5 kwa siku, siku 7: madau 35, jumla 70,000. Ili urudishe ada tu, bila faida, unahitaji kupata asilimia 43 juu ya madau yako. Mtaalamu halisi anayeishi kwa kazi hii hufurahia asilimia 5 hadi 10. Kwa asilimia 5 wewe ungepata 3,500. Umenunua 3,500 kwa 30,000.

Geuza hesabu: ili asilimia 5 ilipe ada ya 30,000, madau yako ya wiki yawe 600,000. Kama huna 600,000 ya kuzungusha kila wiki ambayo ikipotea yote nyumbani hawatalala njaa, ada ya 30,000 haikufai hata kama mtabiri angekuwa malaika. Kanuni ya kubeba mfukoni: ada isizidi asilimia 2 ya madau yako ya kipindi hicho. Kwa madau ya 70,000 ni 1,400. Mtumie ofa hiyo uone atakujibu nini.

Akikuambia tatizo litaondoka kwa kupandisha dau mara mbili kila ukipoteza, chukua kikokotoo. Anza na 1,000. Dau la kumi ni 512,000, na ukilikosa umeshatoa 1,023,000 ukitafuta faida ya 1,000. Kukosa mara kumi mfululizo si balaa la nadra: mtabiri anayepata asilimia 30 kwa kawaida atakupitisha kwenye ukame wa mara tisa au kumi ndani ya utabiri mia.

Kukagua rekodi na picha anazokuonyesha

Telegram inakusaidia. Kila ujumbe wa chaneli ya wazi una namba yake ndani ya kiungo; bonyeza ujumbe, nakili kiungo, tazama namba ya mwisho. Ujumbe wa Jumatatu ukiwa 410 na unaofuata 419, kuna vilivyofutwa katikati. Picha zilizotumwa kwa fungu hula namba kadhaa, kwa hiyo pengo la mbili tatu si kesi. Mapengo ya kila siku baada ya saa za mbio, hiyo ni kesi. Angalia pia alama ya kuhaririwa kwenye ujumbe wa utabiri. Na kila utabiri ukifika, usambaze papo hapo kwenye hifadhi yako mwenyewe. Nakala yako inabaki hata akifuta wa kwake. Kwenye WhatsApp mtumaji ana dakika 15 za kuhariri, kwa hiyo piga skrinishoti mapema.

Picha za mikeka haziaminiki. Kwenye kompyuta mtu hubadilisha maandishi ya ukurasa kwa sekunde chache kabla ya kupiga picha. Zidisha dau kwa odds: 5,000 mara 14.72 ni 73,600. Kama malipo ghafi hayalingani, au mstari wa kodi haupo kabisa, ni mchoro. Omba namba ya tiketi kabla ya mbio, uiangalie mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni. Kwa tiketi ya karatasi, mhudumu wa dirishani anaweza kuiskani. Jibu la "namba ya tiketi ni siri" ni jibu kamili.

Shuhuda za "asante bosi, nimepokea" zikaguliwe kwa namba ya muamala. Wavivu hutumia skrinishoti moja ya malipo na kubadilisha jina na kiasi tu. Ukiweka picha tano pamoja unakuta namba ya muamala ile ile mara tatu.

Mwisho wa ukaguzi, tazama kama anakulazimisha ufungue akaunti mpya kupitia kiungo chake. Baadhi ya kampuni humlipa anayeleta wateja sehemu ya hela wanazopoteza wateja hao. Mtabiri wa namna hiyo anaweza hata kugawa utabiri bure, na anakula vizuri siku mkeka wako ukichanika.

Ukiamua kulipa hata hivyo

Lipa kipindi kifupi kabisa, wiki na si mwezi. Unapotuma kwa M-Pesa (\*150\*00#) au mtandao mwingine, jina la mwenye namba hutokea kabla hujaweka PIN: kama linatofautiana na jina analotumia, simama hapo. Usimpe mtu PIN, wala nywila ya akaunti ya kubeti, wala namba za uthibitisho zinazoingia kwa SMS, hata akisema anataka "kukuwekea mwenyewe". Akikuomba uweke dau lake ndani ya mkeka wako badala ya ada, ni yule yule wa kibandani na elfu yake ya soda.

Ngazi yao inafahamika: ya bure, kisha VIP ya 30,000, kisha "mechi iliyopangwa" ya 150,000, halafu ikichanika "fidia" inayohitaji utume kwanza 20,000 ya usajili. Ukifika ngazi ya fidia, hakuna ngazi nyingine juu yake.

Ukishaibiwa, dakika zina thamani. Piga 100 huduma kwa wateja wa mtandao wako, toa namba ya muamala, omba fedha zizuiwe. Zikiwa bado hazijatolewa kwa wakala kuna nafasi, zikishatolewa ni vigumu. Sambaza ujumbe wa tapeli kwenda 15040, utajibiwa utume namba yake. Kisha nenda kituo cha polisi ukachukue RB, ukiwa na ujumbe wa muamala, mazungumzo yote yaliyochapishwa na namba zake zote. Usifute mazungumzo kwa hasira, na usimwambie tapeli kwamba unakwenda polisi. Atazima laini kabla hujafika getini. Siku chache baadaye huenda akakupigia mtu mwingine mpole sana, anasema anazirudisha hela za waliotapeliwa na anahitaji ada ya kufungulia jalada. Orodha ya waliotuma hela nayo huuzwa.